Punda Hufunguliwa Mdomo Siku ya Kuuzwa Tu

Mwezi uliopita nilisimama pembezoni mwa soko moja nje kidogo ya mji wa Keroka, pale kaunti za Kisii na Nyamira zinapopakana, nikimtazama dalali akimkagua punda. Alimshika taya kwa mkono mmoja, akampandisha mdomo wa juu kwa mkono wa pili, akatazama meno ya mbele kwa sekunde chache, kisha akatangaza: "Huyu ni wa miaka saba. Bado kijana." Wanunuzi wakasogea. Bei ikaanza kupanda.

Hakuna aliyeuliza punda yule anatafunaje. Hakuna aliyetazama magego, yaani meno ya nyuma yanayosaga chakula. Mdomo ulifunguliwa ili ijulikane bei, ukafungwa.

Msomaji wangu wa Pwani atauliza: meno ya punda wa Kisii yanatuhusu nini sisi? Naomba subira kidogo. Nimerudi kutoka huko nikiamini kwamba katika kelele zote zilizopigwa nchini kuhusu punda kwa miaka kumi hivi, tumelisahau jambo dogo kuliko yote, ambalo ndilo linaloamua kama mnyama huyu atafanya kazi miaka ishirini au atakwisha baada ya minane. Na katika jambo hilo sisi wa Pwani tuna la kuwafunza wenzetu wa bara, na tuna la kujifunza wenyewe pia.

Nilikuwa nimekwenda Nyamira kwa mazishi. Rafiki yangu niliyesoma naye diploma alifiwa na baba yake, nikaona si vyema kutuma pole kwa simu. Baada ya maziko nililala kwa ami yake, mzee mmoja wa Masaba Kaskazini mwenye robo ekari ya chai, migomba kadhaa, ng'ombe mmoja wa maziwa na punda mmoja jike. Asubuhi yake aliniita nyuma ya nyumba.

"Mswahili," aliniambia, kwa utani uliochanganyika na heshima, "nyinyi watu wa Lamu mnajua etigere. Hebu nitazamie huyu wangu. Anakula kutwa, lakini anakonda."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu tuvune mahindi. Dawa ya minyoo nimempa mara mbili. Mwanangu anasema tumuuze kabla hajafia hapa."

Mimi si daktari wa mifugo. Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii. Lakini nilipotazama chini nilikiona kitu nilichokiona Lamu nikiwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja: matonge ya nyasi zilizotafunwa nusu, zimeviringika na kulowa mate, ukubwa wa kaimati, yametapakaa mbele ya punda. Alikuwa akitafuna, akishindwa, akitema. Upande mmoja wa shavu ulikuwa umetuna kidogo, na alipokula alipindisha kichwa. Punda yule alikuwa na njaa huku chakula kimejaa mbele yake.

Babu yangu alikuwa na punda wa kubeba matumbawe na mchanga wa ujenzi, na yeye pia alianza kukonda vivyo hivyo. Watu wa mtaani wakasema ni kijicho. Babu, ambaye hakuwa na haraka ya kuamini kijicho, akanituma nimpeleke kwenye zahanati ya punda. Yule bwana alimwekea chuma cha kuachamisha taya, akaingiza mkono, akautoa na kuniambia nimguse punda kwa nje ya shavu. Nilihisi kitu kikali kama ukingo wa kopo lililokatwa. Yalikuwa magego yake. Alichukua tupa yenye mpini mrefu, akasugua kwa dakika kadhaa kila upande, na kazi ikaisha. Baada ya wiki mbili yule punda alikuwa akila kama kawaida.

Ni lazima nieleze kidogo, maana bila ya kuelewa mdomo wa punda hatuwezi kuelewa siasa yake.

Meno ya punda, kama ya farasi na baghala, si kama yetu. Ya kwetu yakishaota yamekwisha. Ya punda ni marefu sana ndani ya taya, na huchomoza polepole maisha yake yote, milimita mbili au tatu kwa mwaka, kufidia yale yanayoliwa na kusaga nyasi. Mwenyezi Mungu amemuumba hivyo kwa sababu nyasi ni chakula kigumu. Punda aliye huru hula kwa saa nyingi sana mchana na usiku, kidogo kidogo, akisaga wakati wote. Akila hivyo, meno husagana yenyewe na kubaki yakilingana.

Tatizo ni kwamba taya la juu la punda ni pana kuliko la chini. Meno hayakutani sawasawa ukingo kwa ukingo. Kwa hiyo sehemu isiyosagwa huendelea kurefuka na kuchongoka: magego ya juu huchongoka upande wa shavu, na ya chini huchongoka upande wa ulimi. Ncha hizo zikizidi hukata shavu na kuchana ulimi kila mnyama anapotafuna. Na jino likivunjika au likang'oka, lile linalokabiliana nalo hukosa wa kusagana naye, likarefuka mpaka likachoma ufizi wa upande wa pili.

Punda wa kazi yumo hatarini zaidi kuliko punda wa porini. Hapati saa zake zote za kula. Hulishwa jioni, kwa mafungu, chakula kinachopatikana: mabua ya mahindi, napia iliyokatwakatwa, majani ya migomba, maganda. Hayo hayasagi meno kwa namna ileile ya malisho ya kutembea. Juu ya hayo, wengine hufungwa kamba au waya mdomoni badala ya hatamu nzuri, na waya ule hugandamiza midomo na mashavu kwenye meno yaleyale yaliyochongoka. Punda akikataa kugeuka upande mmoja, mwenye mkokoteni humpiga akidhani ni ukaidi. Mara nyingine si ukaidi hata kidogo, ni kidonda.

Dalili zake si siri. Kukonda ilhali anakula. Kutema matonge. Kutoa harufu mbaya mdomoni. Kudondosha mate. Kuvimba shavu au taya. Kinyesi chenye nyuzi ndefu za nyasi ambazo hazikusagwa. Wengine huishia kufungwa tumbo, kwa sababu chakula kisichosagwa hukwama matumboni, na msokoto wa tumbo kwa punda ni ugonjwa unaoua. Punda hufa, na mwenyewe anasema, "Alikuwa mzima, amekufa ghafla." Pengine hakufa ghafla. Pengine alianza kufa mwaka mmoja kabla, jino moja baada ya jingine.

Tiba ya kawaida ni nyepesi ikiwahiwa. Mdomo ukaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na mara mbili kwa punda mchanga anayebadilisha meno ya utoto, yaani kabla hajafikisha miaka mitano hivi, na kwa mzee. Ncha kali zisawazishwe kwa tupa. Jino bovu litolewe na daktari mwenye dawa ya ganzi na ya kumtuliza mnyama. Farasi wa mashindano pale Ngong hufanyiwa haya kama sehemu ya utunzaji wa kawaida, sawa na kupigwa chuma kwato. Hakuna anayeona ajabu. Ajabu huanza mnyama anapokuwa punda, na mwenyewe anapokuwa mkulima wa robo ekari.

Sasa tuitazame Gusii. Kwa sensa ya 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, juu ya vilima ambavyo karibu kila kipande kimelimwa. Mvua hunyesha miezi mingi. Barabara kuu ni nzuri, lakini kutoka barabarani kuingia shambani ni vijia vya udongo mwekundu vinavyoteleza kama bamia. Bodaboda hufika mbali, na hufika haraka, lakini kuna mahali haifiki na mzigo wa ndizi. Punda hufika. Nilimwona akishusha mikungu ya ndizi kwenda sokoni, akipandisha mitungi ya maji kutoka mtoni, akibeba matofali, akibeba magunia ya majani chai kwenda kituo cha kununulia, yale yanayoishia viwanda kama Nyansiongo, Kebirigo au Kiamokama. Chai ile ndiyo inayoshuka kwa malori mpaka Mombasa, inauzwa mnadani, inapakiwa melini. Kwa hiyo, msomaji wa Pwani uliyeuliza meno ya punda wa Kisii yanakuhusu nini, baadhi ya kilo zinazompa kazi hamali wa ghala la Mombasa zilianza safari yake juu ya mgongo wa mnyama huyu.

Na mara nyingi anayepumzishwa na punda ni mwanamke. Pale nilipolala, mke wa mzee aliniambia bila kuzungusha maneno: "Punda akilala, mimi ndiye punda." Mitungi minne ya lita ishirini ambayo punda huleta kwa safari moja, yeye huileta kwa safari nne, mlimani, mgongoni. Hapo ndipo nilipoona kwamba magego yaliyochongoka ya punda mmoja ni mgongo wa mama mmoja, na masaa ya shule ya binti mmoja anayeitwa kusaidia.

Nchini tumezungumza sana juu ya punda, lakini tumezungumza juu ya ngozi yake. Kuanzia 2016 Kenya ilifungua vichinjio vya punda vilivyopewa leseni, vikafika vinne: Mogotio huko Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Soko lilikuwa China, ambako ngozi huchemshwa kutengeneza dawa ya asili iitwayo ejiao. Bei ya punda ikapanda, wizi ukapanda nayo, watu wakaamka asubuhi na kukuta kamba imekatwa. Utafiti wa shirika la KALRO ulionyesha kwamba zaidi ya punda laki tatu walichinjwa kati ya 2016 na 2018, na kwamba wanachinjwa kwa kasi kuliko wanavyozaliana. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2.

Februari 2020 waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alitangaza kusimamisha uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Mjadala ukaendelea, mpaka Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, wakaafikiana kusimamisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Niliunga mkono hatua hiyo na naiunga mkono bado. Lakini naona upungufu. Tulipigania punda asichinjwe, tukashangilia, tukaenda nyumbani. Hatukuuliza: huyu aliyeokolewa na kisu, nani atamwokoa na njaa ya mdomoni? Mtu akimwibia mzee wa Masaba punda wake usiku, wanakijiji hupiga mayowe na chifu huitwa. Punda yuleyule akikonda polepole kwa miezi minane mbele ya macho yao, hakuna wa kuitwa. Hesabu ya mwisho kwa familia ni ileile: kamba imebaki, punda hayupo.

Tena vitu hivi viwili vinahusiana. Punda aliyekonda ndiye anayeuzwa haraka na kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi asiyeulizwa anampeleka wapi. Ukitaka kujua biashara ya magendo hupata wapi wanyama wake, usimtafute mwizi peke yake. Tazama pia mwenye punda aliyechoka, asiyejua mnyama wake anaumwa nini, na ambaye daktari wa karibu ni wa ng'ombe.

Nalisema hilo la ng'ombe bila kumlaumu mtu. Pale kijijini niliuliza watu sita au saba kama wamewahi kumwita mhudumu wa mifugo kwa ajili ya punda. Wote walishamwita kwa ng'ombe: kupandisha mbegu, kutibu kiwele, kuchanja. Mmoja tu alimwita kwa punda, kwa kidonda cha mgongoni. Kwa meno, hakuna. Mmoja alicheka: "Kaka, hata mimi meno yangu sijawahi kupeleka." Ng'ombe anatoa maziwa, maziwa yanaleta pesa, pesa inamleta daktari. Punda analeta pesa pia, lakini pesa yake haionekani kwenye ndoo. Imejificha ndani ya bei ya ndizi, ndani ya kilo za chai, ndani ya maji ya kupikia.

Sheria, hata hivyo, haikumsahau. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka huduma za mifugo mikononi mwa kaunti, isipokuwa usimamizi wa taaluma yenyewe. Limeweka ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya wanyama mikononi mwa kaunti. Limeweka pia ustawi wa wanyama mikononi mwa kaunti. Mara tatu katika orodha moja. Na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa ni kosa kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa kazi kutokana na ugonjwa au jeraha. Kidonda kikiwa mgongoni, askari atakiona. Kikiwa ndani ya shavu, hakuna atakayekiona mpaka mtu aliyefunzwa aufungue mdomo ule.

Kaunti zote nchini zinatumia mipango ya maendeleo ya 2023 hadi 2027, na mipango hiyo inaelekea ukingoni. Wananchi wataitwa tena kwenye kumbi za wadi kutoa maoni juu ya mipango mipya na bajeti. Wataulizwa barabara, zahanati, maji, karo. Kwa miaka yote niliyohudhuria vikao vya aina hiyo huku Pwani sijasikia hata mara moja mtu akisimama na kusema "meno ya punda". Angesimama, ukumbi ungecheka. Naogopa kicheko hicho kuliko uhaba wa pesa, kwa sababu kitu kinachochekwa hakiingii kwenye bajeti.

Tuje sasa kwetu. Mwaka 1985 mwanamke wa Kiingereza, Dkt. Elisabeth Svendsen, aliyekuwa ameanzisha makao ya punda huko Devon mwaka 1969, alifika Lamu akawaona punda wetu. Mwaka 1987 shirika lake, The Donkey Sanctuary, likafungua zahanati pale mjini. Tangu hapo kizazi kizima cha wenye punda wa Lamu kimejua kwamba punda huletwa apewe dawa ya minyoo, asafishwe vidonda, atazamwe kwato na meno, bila kudaiwa pesa. Kumekuwa na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, na mshindi hujisifu mtaani mwaka mzima. Mimi ni shahidi wa faida yake, kwa sababu punda wa babu alitusomesha.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Zahanati ile ilijengwa kwa sadaka za watu wa mbali, wengi wao hawajawahi kuiona Lamu. Tangu kaunti zianze mwaka 2013, ni mara ngapi sisi wenyewe tumeitaka serikali yetu iibebe kazi hiyo kama jukumu lake? Na ukitoka kisiwani, ukaenda bara ya Lamu, ukaenda Tana River, ukaingia ndani ya Kilifi na Kwale kwa wanaoteka maji kwa punda wakati wa kiangazi, utakuta mdomo wa punda haujafunguliwa kama ule wa Nyamira. Lamu imeonyesha kwamba inawezekana. Haijaonyesha bado kwamba sisi wenyewe tunaweza kuilipia.

Kuna hoja mbili za kupinga ninazozisikia, na zote zina uzito.

Ya kwanza: binadamu wenyewe hawana madaktari wa meno wa kutosha, iweje tuzungumze punda? Naielewa. Lakini huduma ya meno ya punda haimnyang'anyi mtu daktari. Anayehitajika ni mhudumu wa mifugo ambaye tayari ameajiriwa, au amesajiliwa na kujiajiri, aliyeongezewa mafunzo ya siku chache na kupewa vifaa: chuma cha kuachamishia taya, tupa mbili tatu za mpini mrefu, kurunzi na ndoo ya maji safi. Kisii ina maeneo bunge tisa, Nyamira manne. Tukisema seti moja ya vifaa kwa kila eneo bunge, ni seti kumi na tatu kwa kaunti mbili. Sitaki kutaja bei nisiyokuwa nayo mkononi, lakini yeyote aliyewahi kusoma orodha ya safari za waheshimiwa atajua kwamba si hapo pesa zinapokwama.

Ya pili: punda anapitwa na wakati, bodaboda na tuktuku zitamaliza kazi yake. Huenda. Lakini nimesikia maneno hayo tangu utotoni, na mama wa Masaba bado anateka maji. Tena mtu hamwachi mfanyakazi wake augue kwa sababu miaka kumi ijayo atanunua mashine.

Nini kifanyike, basi? Nasema machache, kwa mtu wa kawaida na kwa kaunti.

Huduma ipelekwe mahali punda wanapokusanyika wenyewe. Siku ya soko wamo kwa makumi. Karibu na vituo vya majani chai wamo. Mhudumu mmoja akiketi hapo asubuhi moja kila mwezi, atakagua midomo mingi kuliko akizunguka vijijini kwa pikipiki wiki nzima. Jumamosi tumwache: Gusii ina Wasabato wengi, na siku hiyo wengi wao hawafanyi kazi, na punda wao naye hupata mapumziko yake. Hiyo ni rehema iliyokwishapangwa, tusiiharibu.

Vyama vya wenye punda na mikokoteni viundwe au vifufuliwe, vichangishe kidogo kidogo kwa mwezi, ili siku ya daktari isiwe siku ya kukopa. Watu wa Gusii hawahitaji kufunzwa kuchanga. Nimeona makundi yao ya akina mama yanavyoendeshwa.

Vyuo vinavyofunza wahudumu wa mifugo viupe mdomo wa punda muda wake darasani na uwanjani. Na sheria ya 2011 inayosimamia madaktari na wahudumu wa mifugo ifuatwe. Nasema hivi kwa sababu ombwe hujazwa. Mahali ambapo hakuna mhudumu, hutokea fundi wa mtaani mwenye koleo, anayevunja ncha za meno na kuacha jino limepasuka mpaka kwenye kiini, au anayechoma kaakaa kwa chuma cha moto akidai anatibu. Hata tupa yenyewe ikitumiwa kupita kiasi humwacha mnyama bila uso wa kusagia. Kazi hii ni ndogo, lakini ina mwenyewe.

Na mwenye punda asisubiri serikali kwa yale anayoyaweza leo. Atoe waya mdomoni, aweke hatamu ya kitambaa au ngozi. Ampe nafasi ya kula nyasi ndefu taratibu, siyo makapi peke yake. Amtazame akila, dakika tano tu, mara moja kwa wiki. Akiona matonge yametemwa chini, asikimbilie dawa ya minyoo kwa mara ya tatu.

Sisi Waislamu tunasoma katika Sura ya An-Nahl, aya ya nane, farasi, baghala na punda wakitajwa pamoja miongoni mwa neema tulizoumbiwa. Na tumepokea katika hadithi habari ya ngamia aliyemlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenyewe anamshindisha njaa na kumchosha, naye Mtume akamuonya mwenye ngamia amche Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa. Wenzetu Wakristo wa Gusii nao wanajua katika kitabu chao kwamba amri ya kupumzika ilimtaja punda kwa jina. Hatuna kisingizio, si wao wala sisi. Tunayo methali moja ya aibu inayosema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Tumeitumia kwa mzaha miaka mingi. Nilipokuwa pale Nyamira niliona maana yake hasa, na haikunichekesha.

Nilimweleza mzee nilichoshuku. Nilimwambia si minyoo, ni magego, amtafute daktari wa mifugo mjini Kisii au Keroka aliye tayari kuingiza mkono mdomoni mwa punda. Alinisikiliza vizuri. Aliniuliza itagharimu kiasi gani, nikasema sijui. Nilimwachia kidogo nilichokuwa nacho mfukoni, nikapanda matatu.

Wiki tatu baadaye nilimpigia simu kumjulia hali.

"Yule punda tulimuuza," alisema. "Siku ya soko. Daktari wa kwanza alisema yeye ni wa ng'ombe, wa pili hakushika simu. Mwanangu akachoka."

"Nani amemnunua, mzee?"

"Kijana wa upande wa Kisii, wa kubeba matofali. Alimfungua mdomo, akatazama, akasema meno ni mazuri."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimsalimia mama, nikakata simu. Mahali fulani kwenye vilima vile kuna kijana aliyetoa akiba yake kununua punda wa miaka saba mwenye meno mazuri ya mbele. Karibu na mwisho wa mwaka ataanza kuona matonge ya nyasi chini, atanunua dawa ya minyoo, na mke wake ataanza kubeba mitungi. Kama wakati huo kutakuwa na mtu wa kaunti ameketi pembeni ya soko na tupa yake, punda yule atapona kwa dakika ishirini.